Mwaluvi

Fikiria umelala chali ndani ya tundu la mashine, kichwa kimeshikwa pande zote kisitikisike, masikio yamezibwa kwa sababu mashine inagonga kama mafundi wa mabati pale Kamukunji. Uko Athens. Juu ya macho yako kuna kioo kidogo, na kwenye kioo linatokea neno: maheri. Kisu. (Nayaandika maneno ya Kigiriki kama yanavyosikika, herufi zao zina mambo yake.) Kazi yako ni kutafuta kitenzi kinachoendana na kisu na kukisema kimoyomoyo, mdomo umefungwa, maana taya likisogea picha inaharibika. Unasema ndani kwa ndani: kovo. Nakata. Linakuja neno lingine, halafu lingine. Halafu unapumzishwa ukikodolea macho alama ya msalaba, kisha mnaanza upya.

Una uvimbe kichwani, upande wa kushoto, na karibuni watakufungua fuvu. Wanachotaka kujua ni jambo moja tu: hiyo kovo yako inakaa wapi, na iko umbali gani na kisu chao.

Mimi si daktari. Nilisomea isimu miaka miwili kabla ya karo kunishinda, na siku hizi naandika chochote kinacholipa, kuanzia maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni hadi hotuba za wazazi wa bi harusi. Lakini kwa miaka mitatu sasa, usiku kazi zikiisha, nimekuwa nikisoma jinsi ramani ya lugha inavyochorwa kwenye ubongo wa mtu kabla ya upasuaji, hasa watu wanaozungumza Kigiriki. Sababu ni shangazi yangu. Hajawahi kufika Ugiriki, na Mgiriki pekee aliyewahi kumzungumzia ni yule wa hadithi za babu yake, aliyekuwa na shamba la katani huko Tanganyika. Nitafika kwake.

Kwanza hiyo picha yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunaiamini kupita kiasi. Mwaka 1990 mtafiti Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyoishiwa oksijeni hazifanani ndani ya sumaku kali. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi hupelekewa damu mpya, tena nyingi kuliko inavyohitaji, na mashine inauona huo mtiririko. Basi. Mashine haioni neno wala haisikii kovo. Inaona damu iliyofika sekunde tano au sita baada ya neno kupita. Ni kama polisi wetu, inatua tukio likiwa limeisha.

Kisha kompyuta inatoa picha ya mapumziko kwenye picha ya kazi, na palipobaki tofauti inapaka rangi ya chungwa. Lakini tofauti ya kiasi gani? Hapo kuna mtu anayeamua. Akishusha kiwango, chungwa linaenea kama chai iliyomwagika. Akikipandisha, linabaki doa. Mwaka 2009 watafiti fulani Marekani waliweka samaki aina ya salmoni ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za binadamu, wakamuuliza watu hao wanahisi nini. Samaki alikuwa amekufa. Bila masahihisho yanayofaa ya hesabu, mashine ilionyesha kwamba ubongo wake unafanya kazi. Walitaka wenzao wacheke halafu washtuke, na miaka mitatu baadaye walipewa ile tuzo ya utani ya Ig Nobel.

Hata hesabu ikiwa safi, kuna tatizo la jikoni la harusi. Panda juu ya paa ukapige picha ya ua siku ya harusi ya Waswahili. Kandokando ya sufuria la biriani utaona watu ishirini: wanaomenya vitunguu, wanaoshika taa, wanaopiga umbea, mtoto anayesubiri ukoko. Wote wako motoni. Ukiniuliza nani akiondoka biriani litaharibika, picha ya paani haiwezi kukujibu. Rangi ya chungwa inasema nani alikuwepo. Nani hawezi kukosekana, hilo linajulikana kwa njia nyingine: mgonjwa anaamshwa fuvu likiwa wazi, ubongo wenyewe hauhisi maumivu, daktari anagusa sehemu kwa umeme mdogo huku mgonjwa akitaja picha. Sauti ikikatika, hapo hapakatwi. Wilder Penfield alifanya hivyo Montreal tangu miaka ya 1930, na mpaka leo wapasuaji wengi huamini mkono huo kuliko picha. Picha huwasaidia kujua waanzie wapi, na wakati mwingine kama waanze kabisa.

Sasa Kigiriki kinaingia wapi? Ubongo si ni ubongo?

Nilipoanza kusoma nilidhani hivyo pia. Majaribio mengi ya lugha yanayotumika hospitalini yalitungwa kwa Kiingereza. Moja maarufu lilitoka Boston, michoro 60 ya kutaja, linaanza na kitanda na kuishia na ile fremu ya shanga ya kuhesabia. Katikati kuna yule mnyama wa mitoni anayejenga mabwawa kwa kutafuna miti, kuna nyumba ya barafu, kuna mkate uliosokotwa kama fundo. Mtu wa Kariobangi akikosa kumtaja mnyama huyo, uvimbe umekula neno au neno halikuwahi kuwepo? Kuna jaribio lingine ambapo unapewa dakika moja utaje maneno mengi uwezavyo yanayoanza na herufi fulani. Waingereza na Wamarekani hutumia F, A na S. Wagiriki ilibidi wajichagulie zao: hi, sigma na alfa. Ukilitafsiri jaribio bila kufikiri unapima kitu kingine kabisa. Jaribu kwa Kiswahili na herufi K: kiti, kikombe, kijiko, kitabu, kisha ukiishiwa unaanza kijitu, kijumba, kijibwa, na dakika inakwisha ukiwa bado unapeta. Umepima nini hapo? Ngeli, bana.

Lakini kilichonishika ni hiyo kovo.

Kwa Kiingereza, kitenzi kinaweza kukaa uchi. Kwa Kiswahili tuna “kukata”, jambo tu, halina mwenyewe. Kigiriki cha leo kilipoteza umbo hilo zamani, ingawa kile cha kina Plato kilikuwa nalo. Mgiriki wa leo akionyeshwa kisu hana namna ya kusema kukata bila kusema nani. Kovo ni mimi nakata. Kovi ni yeye anakata. Na ikiwa ni jana, achague tena: ekova, nilikuwa nikikata, au ekopsa, nilikata nikamaliza. Kwa hiyo jaribio lile lile, mashine ile ile, likifika Athens linamdai mgonjwa kitu ambacho Boston halikudai. Anapotafuta neno, anatafuta na mtu ndani yake.

Nilikaa na wazo hilo siku nyingi, nikaona ni zaidi ya tatizo la watunga majaribio. Ramani inakuonyesha njia ya kule ulikouliza tu. Ukimwuliza mtu nomino, utalinda nomino zake. Usipomwuliza nani alifanya nini, lini, akamaliza au hakumaliza, huwezi kudai umelinda uwezo wake wa kusimulia. Na yule anayeketi ofisini kuchagua maneno ya jaribio, miaka kabla mgonjwa hajaugua, tayari ameshaamua sehemu ya huyo mgonjwa itakayohesabiwa kuwa lugha. Huo ni uamuzi wa kimaadili uliojificha ndani ya orodha ya maneno.

Wagiriki walilijua hili mapema, labda bila kukusudia. Mwaka 1861 huko Paris, Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye karibu kila alichoulizwa alijibu “tan”. Broca akaupa ugonjwa huo jina alilolibuni kutoka Kigiriki, afemia. Miaka mitatu baadaye daktari mwenzake Trousseau akalikataa, na kati ya waliomshauri alikuwa msomi Mgiriki, mzungumzaji wa lugha yenyewe: jina hilo kwao lina maana ya sifa mbaya, aibu. Likachaguliwa afasia. Yaani mtu amepoteza usemi, na daktari, kwa lugha ambayo si yake, akamwandikia kwenye cheti kwamba ana jina baya. Ilibidi mwenye lugha aseme: jamani, hapo mnatukana.

Na hata “Kigiriki” chenyewe ni kipi? Mpaka mwaka 1976 serikali ya Ugiriki ilitumia lugha rasmi iliyopambwa kwa maneno ya kale, huku watu nyumbani wakizungumza nyingine. Mkate sokoni ni psomi, kanisani ni artos, na kibao cha mwoka mikate mpaka leo hubeba lile la kanisani. Nenda Kupro mambo yanazidi. Watoto wa huko hujifunza shuleni Kigiriki cha Athens, lakini jikoni kwa mama wana chao. Kiti cha Athens ni karekla. Kiti cha kijijini Kupro ni tsaera. Mzee wa Nicosia akionyeshwa mchoro wa kiti, na karatasi ya majibu imechapwa karekla, naye akasema tsaera, mtahini anaweka alama gani? Akiwa Mkupro mwenzake atacheka na kuweka vema. Akiwa mgeni wa kutoka Athens anaweza kusita. Na ndani ya mashine, mdomo ukiwa umefungwa, hakuna atakayejua ni neno gani lilipita. Huenda yalipita yote mawili, la nyumbani likatangulia na la shule likalikanyaga.

Hapo ndipo nikamkumbuka shangazi.

Shangazi yangu ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Aliolewa Nairobi, akakaa South B miaka thelathini, na hajawahi kukubali Nairobi imguse ulimi. Kwake kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, njia ni ndia. Sisi tuliozaliwa huku tulikuwa tukimwiga jikoni, naye anatutishia mwiko. Miaka mitatu iliyopita alianza kusimama katikati ya sentensi kama matatu iliyoishiwa mafuta. Tukampeleka hospitali, akapigwa MRI ya kawaida, ukaonekana uvimbe upande wa kushoto, karibu na sikio. Hiyo mashine ya kufuatilia damu sijui kama ilikuwepo hapo, na hatukuuliza. Kilichokuwepo ni daktari kijana, mpole, mtu wa bara, na faili la michoro. Mimi niliketi kando kama mkalimani, ingawa wote watatu tulizungumza Kiswahili.

“Shikamoo, mama. Nitakuonyesha picha, wewe niambie ni nini.”

“Marahaba. Haya, onyesha.”

Kitanda, akataja. Samaki, akataja. Ukaja mchoro wa msichana amefungua mdomo, meno yote nje.

“Yuateka,” akasema shangazi.

Daktari akanyanyua kalamu. Kwa masikio yake msichana anateka, maji au watu, na ukizingatia habari za siku hizi unajua ni kipi kilimjia kwanza. Nikamwambia upesi: daktari, kwao kuteka ni kucheka. Akatabasamu, akaweka vema, akaandika kitu pembeni. Shangazi akanitupia jicho, hiyo “kwao” aliisikia.

Nilijisikia shujaa, niseme ukweli. Nilikuwa nimemwokoa na kosa ambalo si kosa. Macho akayaita mato, nikaeleza. Kichwa akakiita kitwa, nikaeleza. Daktari alianza kunitazama kila baada ya jibu, na mimi nikaanza kuipenda hiyo nafasi. Kisha ukaja mchoro wa mwavuli.

Shangazi aliutazama muda mrefu. Midomo ikacheza. “Mwaluvi,” akasema.

Daktari akanitazama.

Hakuna Mswahili kutoka Vanga hadi Lamu anayeuita mwavuli mwaluvi. Shangazi mwenyewe alijua, nilimwona akikunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga. Nikasema, “Huko kwetu hutamka hivyo.” Daktari akaweka vema. Safari hii nilisema “kwetu”.

Miaka mitatu nimejiuliza kwa nini. Jibu la haraka ni mapenzi, na si uongo. Sikutaka kumwona shangazi, mwanamke aliyetufundisha vitendawili, akiwekewa alama ya kosa kwa neno la mtoto wa chekechea. Lakini ile alama ya kosa ilikuwa na kazi. Kugeuza sauti ndani ya neno ni dalili ambayo daktari anaitafuta hasa, inamwambia uvimbe umefika kwenye mtaa wa maneno. Nilichukua kitu cha kweli, kwamba lugha ya shangazi si ile ya kwenye faili, nikakitumia kama blanketi kufunika kitu kingine cha kweli. Nikirudi kwa yule mzee wa Nicosia, sasa naona hatari mbili. Mtahini asiyejua Kikupro atamhukumu kwa tsaera. Binti yake aliyeketi pembeni anaweza kumtetea kwa tsaera na, akishazoea kutetea, akatetea na lile neno ambalo halipo katika kijiji chochote.

Utaniambia, basi suluhisho ni mashine. Mashine haina shangazi. Kuna utafiti mkubwa wa mwaka 2022 uliowasikilizisha watu wa lugha 45 kutoka familia 12 za lugha vipande vya hadithi ya Alice katika lugha zao, na mtandao wa lugha kwenye ubongo ukaonekana unafanana sana, takriban sehemu zile zile, zaidi upande wa kushoto. Nilifurahi kusoma hilo. Lakini mpasuaji hapasui wastani wa binadamu. Kujua kwamba wote tunaishi mtaa mmoja hakumwambii mlango wangu ni upi, na yeye anafanya kazi ya milimita. Pia mashine inampima mgonjwa kwa maneno yaliyochaguliwa na mtu, na rangi inawekwa na mtu. Shangazi akiwa ndani ya tundu lile na mdomo umefungwa, akawaza mwaluvi badala ya mwavuli, damu ingekwenda vilevile. Chungwa lingewaka. Pengine lingewaka zaidi, maana alikuwa anatafuta kwa bidii.

Kuna jambo zito zaidi, na hapa sina jibu. Mwaka 1978 Ojemann na Whitaker waliandika kuhusu wagonjwa wawili waliojua lugha mbili kila mmoja. Waligundua kwamba umeme ukigusa sehemu fulani, lugha moja inakwama na nyingine inaendelea. Sehemu nyingine kinyume chake. Nyingine zote mbili. Sasa chukua Mgiriki aliyehamia Melbourne kijana, kuna Wagiriki wengi kule, akafanya kazi maisha yake yote kwa Kiingereza, wajukuu wake wanajua Kiingereza tu, na mkewe wanaozeeka naye wanazungumza Kigiriki. Uvimbe umeketi mahali ambapo ukiondolewa wote, lugha moja inaweza kuumia. Ukiachwa kidogo, unaweza kurudi. Alinde ipi? Ya wajukuu au ya kitandani? Na swali linakuja kabla ya hilo: je, kuna aliyempima kwa zote mbili? Maana lugha ambayo haikupimwa imeshaamuliwa, hakuna aliyehitaji kumuuliza.

Watu watasema aulizwe mwenyewe, ni ubongo wake. Ndiyo, aulizwe. Lakini anayetia sahihi leo ana maneno yote. Atakayeishi na matokeo huenda akakosa hata neno la kulalamikia. Ahadi nyingine zote tunazotoa, mtu wa kesho anaweza kurudi akasema, nilikosea, tuzungumze. Hii inaweza kuondoka na hayo mazungumzo. Nimewauliza marafiki wangu, tukiwa kibandani kwa chapo na ndengu, wangechagua ipi. Wengi walianza na utani: mimi waniachie Sheng, hizo zingine za kuombea kazi. Halafu wakanyamaza. Mmoja alisema lugha ya mamake anaielewa tu, hawezi kujibu nayo, na kama daktari angempima asingepata chochote cha kupaka rangi. Akauliza, hiyo ningejuaje imepotea?

Shangazi alifanyiwa upasuaji. Mpasuaji alituambia aliondoa sehemu kubwa, akabakisha kidogo palipomtia wasiwasi. Kama lile vema langu lilimpa ujasiri wa kuendelea milimita mbili, au hakuliangalia kabisa faili la yule kijana, sijui. Niliwahi kuandika ujumbe wa kumuuliza. Niliufuta. Ningeuliza nini hasa? Nilikudanganya kuhusu mwavuli, je, uliniamini?

Amepona, tunamshukuru Mungu. Anapika, anagombana na mwenye duka, anaswali kwa wakati. Kucheka bado ni kuteka. Ametulia kidogo kuliko zamani, vitendawili hatoi tena, lakini ana miaka sitini na nane na wazee wengi hutulia. Majina ya vitu huyazunguka: kile cha kukunia, yule wa maziwa, huko kwa sindano. Binti yake anasema alikuwa hivyo tangu zamani. Mimi sikumbuki. Nilikuwa nikimsikiliza kwa kumwiga tu, si kwa kumwekea alama.

Mwezi wa nne nilimpeleka kliniki. Tulipofika mlangoni mvua ikaanza, ile ya Nairobi isiyotoa taarifa. Akasimama kizingitini, buibui ameishika mkononi isiguse maji, akanyoosha mkono bila kunitazama.

“Mwanangu, nipa hicho.”

“Kipi, shangazi?”

“Hicho. Cha mvua.”

Nilikuwa nimekishika. Nilingoja kidogo, labda sekunde tano au sita. Kisha nikakifungua, nikamfunika.